Mshale Juu ya Joho

Tata yangu hampimi mtu kabla ya kumhoji. Utakuja na kitambaa chako umekikunja vizuri kwenye mfuko wa karatasi, utasimama katikati ya chumba umeinua mikono kama mtu anayekaguliwa mlangoni mwa benki, na bado futi itabaki imening'inia shingoni mwake. Kwanza maswali. Ukivaa hii nguo utaketi zaidi ama utasimama zaidi? Unapanda pikipiki? Ukipanda, unakaa kiume ama kiupande? Unanyonyesha? Mkono wako unafika mgongoni, ama zipu utafungiwa na nani?

Niliwahi kumwona akimwambia mwalimu mmoja, mwanamke wa heshima zake, aandike hewani kana kwamba kuna ubao mbele yake. Mwalimu akaandika. Tata hakutazama mkono, alitazama kwapa. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeketi juu ya mzigo wa vitambaa nikinywa chai yake.

"Umeona? Ingepasukia hapo siku ya kwanza ya muhula."

Kwetu tata ni dada wa baba, na huyu wangu haitikii jina lingine. Kwa miaka mingi niliyaona maswali yake kuwa maringo ya kazi tu, kama vile daktari anavyoandika vibaya ili aonekane daktari. Kiuno ni kiuno, nilijiambia. Pima, kata, shona, mtu aende zake.

Ni ajabu kwamba mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyechoshwa na maswali. Nyumbani nilijulikana kama yule wa kwa nini. Nikiwa darasa la tatu niliuliza kwa nini tunafumba macho wakati wa kuomba, ilhali tunayemwomba haonekani hata tukiyafumbua. Mama akasema nitajibiwa nikiwa mkubwa. Nimekuwa mkubwa. Nilienda chuo kikuu kusomea kompyuta nikidhani huko ndiko majibu yanakokaa, nikarudi na shahada na mashaka mengi kuliko niliyoondoka nayo. Sasa ninapanga chumba Kimbo, hapa Ruiru, na kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandao za watu wanaouza vitu: mbegu, viti, keki. Ninaipenda, ingawa kila wiki huwa ninajiuliza kama ninapaswa kuipenda.

Tata alikuwa na duka Thika, mtaa wa nyuma ya soko, lenye dirisha kubwa la kioo linalotazama njia. Humo ndani ya dirisha alisimamisha sanamu lisilo na kichwa na kulivisha joho la kwaya. Kazi aliyojulikana kwayo ni hii: majoho ya kwaya, ya mahafali, ya wachungaji. Mtu akipita kwenda kununua viazi, jicho linashikwa, anaingia. Kisha jengo likabomolewa ili lijengwe refu zaidi, na tata akahamishia cherehani zake mbili kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake huko Gitothua. Joho likiwa dirishani linajiuza lenyewe. Likiwa kwenye chumba cha nyuma, kando ya tangi la maji, linaonwa na kuku tu.

Miezi ikapita. Watu walileta suruali za kupunguzwa na pazia za kupindwa. Cherehani kubwa, ile ya umeme inayoweza kumaliza pindo la joho kabla hujamaliza sentensi, ikafunikwa shuka. Ndipo akaja mwanamume mmoja kutoka Juja aliyesikia kwamba huenda inauzwa. Alifunua shuka, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake, akasema atarudi Jumatatu ya wiki itakayofuata na gari la kuibebea. Tata hakusema ndiyo, hakusema la. Lakini alipomsindikiza hadi langoni nilimwona akirudi kwa hatua fupi fupi, na mtu huyu huwa hatembei hivyo.

"Nikipata kwaya moja," aliniambia, "moja tu nzima, cherehani inabaki. Nikikosa, achukue. Siwezi kufuga chuma."

Kwaya hiyo moja ilikuwepo. Ilikuwa ya akina mama wa kanisa fulani hapa Kimbo, wengi wao wenyeji wa magharibi waliokuja Ruiru kufanya kazi viwandani na kwenye mashamba ya kahawa. Walitaka majoho mapya. Fundi mwingine wa Thika alikuwa ameshawaonyesha yake. Mwenyekiti wao, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamsha jirani, alimwambia tata waziwazi: hawawezi kufika Gitothua wote, kila mmoja ana zamu yake kazini. Kama ana mishono, aiweke mahali wataiona wakiwa makwao. Wakipendezwa, alete joho moja la mfano Jumamosi wakati wa mazoezi, waamue hapo hapo.

Basi nikajitwika kazi. Nilipiga picha majoho sita, kila moja mbele na mgongo, nikatengeneza ukurasa ambao mpaka leo nasema ulikuwa mzuri. Picha zilipita moja baada ya nyingine, zikiteleza taratibu kutoka kulia kwenda kushoto kama watu wanaoingia kanisani kwa mpangilio. Kwa anayetumia kompyuta niliweka kitu nilichojivunia zaidi: ukiusogeza ule mshale wa kompyuta juu ya joho, bila hata kubonyeza, joho linageuka na kukuonyesha mgongo wake. Chini ya kila picha niliandika maneno mafupi, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba maneno marefu hayasomwi: Mshale juu ya joho.

Kwa anayetumia simu hakuna mshale, nilijua hilo, mimi si mjinga. Kwa hiyo niliuambia ukurasa upime upana wa kioo. Kikiwa chembamba, hiyo ni simu: ficha maneno ya mshale, onyesha mbele na mgongo pamoja, na usiteleze chochote. Kikiwa kipana, hiyo ni kompyuta: telezesha picha, subiri mshale. Nikajaribu kwenye simu yangu. Sawa. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu. Sawa. Nikampelekea tata habari nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza.

Alikuwa akishona vifungo. "Na huyo atakayeangalia, ataangalia na nini?"

"Upana utaniambia, Tata."

"Upana wa nini?"

"Wa kioo. Kikiwa chembamba ni simu, kikiwa kipana ni kompyuta."

Akakata uzi kwa meno. "Mami, hapa Gitothua kuna watu wapana wanakimbia kukushinda."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Yaliyofuata nimesimuliwa na tata na mwenyekiti pia, na maelezo yao yanalingana, jambo ambalo ni nadra. Jumatano saa nne asubuhi mwenyekiti alipiga simu. Tata alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja na kuzichoma kwenye mkono wa gauni alilovaa.

"Bwana asifiwe, mama fundi."

"Amen, mama mwenyekiti."

"Sasa sisi tumechagua. Tumechukua ile ya mshale."

"Ya mshale?"

"Ile zambarau. Si hapa imeandikwa, mshale juu ya joho."

Mtu mwingine angeshtuka. Tata hakushtuka. Baadaye nilipomuuliza ni kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ugali ni mgumu. Ameshonea makanisa njiwa, alisema, ameshona misalaba, ndimi za moto, na mwaka mmoja tarumbeta saba kwenye joho moja. Mshale ni nini? Tena ukurasa ulikuwa wangu. Alifikiri nimebuni kitu, nikasahau kumwambia, kama kawaida yangu. Na simu yake yeye ni ile ndogo ya vitufe, isiyofungua ukurasa wowote. Kwa hiyo alifanya anachofanya siku zote. Alihoji.

"Mshale wenyewe uangalie wapi?"

"Hapa imeandikwa juu."

"Mkubwa ama mdogo?"

"Wewe ndio fundi, mama. Hiyo nakuachia."

"Na rangi?"

"Rangi ya kuonekana hadi nyuma ya kanisa."

Aliuliza vizuri, akajibiwa vizuri. Ninalirudia jambo hili mara kwa mara, kwa sababu nimewahi kuamini kwamba ukiuliza ya kutosha huwezi kupotea.

Jumamosi mchana nilimpitia Gitothua, tukaenda Kimbo. Joho alikuwa amelipiga pasi na kulifunga ndani ya shuka jeupe, akalibeba kwa mikono miwili iliyonyooshwa, hataki nilishike. Nilimuuliza kama limetoka vizuri. Akasema, "Kazi nzuri huwa haiulizwi njiani." Nilikuwa na mkoba wangu wenye kompyuta begani, kwa mazoea tu, na nilikuwa nimetulia kabisa. Hata nilikuwa nimeanza kutunga akilini namna nitakavyosema siku nyingine, kwa unyenyekevu, kwamba ni ukurasa wangu uliookoa cherehani.

Mle kanisani akina mama walikuwa kama ishirini, wengine bado na sare za kiwandani chini ya leso. Viti vya plastiki, madirisha wazi, harufu ya chapati kutoka ng'ambo ya njia. Mwenyekiti alitukaribisha, tata akaweka mzigo wake juu ya meza ya mbele, akafungua mafundo ya shuka, akainua joho kwa mabega.

Lilikuwa la zambarau iliyokolea, limeanguka vizuri kama maji. Na katikati, kutoka kitovuni hadi karibu na shingo, ulipanda mshale. Mshale mkubwa wa lesi ya dhahabu, wenye ncha kali na manyoya matatu kila upande, umeshonwa kwa mishono midogo sana hivi kwamba usingeweza kusema uzi umeanzia wapi.

Akina mama waliinama mbele kwenye viti vyao. Kwanza nilidhani wamevutiwa.

"Mama fundi," mwenyekiti akasema polepole, "sasa huu ni mshale wa nini?"

"Ule uliagiza."

"Mimi?"

"Zambarau. Mshale juu ya joho. Nikakuuliza uangalie wapi, ukasema juu."

"Mayi wee!" Mwenyekiti akashika kifua. "Si hilo ndilo jina! Nilidhani ni jina la mshono, kama vile kuna ule wanaita kengele na ule wanaita kipepeo!"

Mama mmoja kutoka viti vya nyuma akasema, "Huo unaelekeza mbinguni. Na sisi wa sauti ya chini, wetu utaelekea wapi?" Kicheko kikapasuka. Mwingine akasema akivaa hilo kwenye barabara kuu magari yatamfuata. Tata hakucheka. Alishusha joho mezani, akalainisha ncha ya mshale kwa kiganja, na macho yake yakanitafuta.

Sikuwa nimeelewa bado. Nilimwomba mwenyekiti anionyeshe alichoona. Akatoa kwenye mkoba wake tableti aliyotumiwa na mwanawe anayefanya kazi ng'ambo. Kioo chake kilikuwa kipana kuliko ubao wa kukatia sukuma wiki. Akafungua ukurasa wangu. Picha zikaanza kuteleza, kubwa, moja baada ya nyingine, na chini ya kila moja maneno yale yale manne yakisubiri mshale ambao tableti haikuwa nao na haingeupata kamwe. Yeye mwenyewe alikuwa amegeuza uso pembeni asiione.

"Sikuweza kuangalia nyingi," alisema. "Nina kizunguzungu, daktari anajua. Kijana wangu alinitengenezea hii kitu, akaiambia vitu visicheze-cheze. Kila mahali kumetulia. Ila hapa kwenu. Nikaona ile ya kwanza, zambarau, nikasoma jina, nikafunga haraka."

Nilijisikia kama mtu aliyeingia ukumbini na nguo aliyoivaa ndani nje. Kilichoniuma si kwamba sikujua. Nilijua. Lugha tunayotumia kuvalisha kurasa, inayoitwa CSS, ina maswali ambayo ukurasa unaweza kukiuliza kifaa kabla haujajionyesha, na si swali la upana tu. Unaweza kuuliza: mwenye kukutumia ana kitu kinachoweza kuelea juu ya picha bila kuigusa? Kwa lugha hiyo neno lake ni hover, na mimi hulifikiria kama mwewe anavyoelea juu ya vifaranga kabla hajaamua. Unaweza kuuliza: anachoonyeshea ni ncha nyembamba au ni kidole? Unaweza kuuliza: ameomba vitu visicheze? Haya yote niliyajibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Tableti ya mwenyekiti ilikuwa tayari kuyajibu pia. Mwanawe alikuwa ameshaiambia, tena kutoka mbali huko. Ni mimi ambaye sikuuliza. Mimi ninayewauliza wachungaji ushahidi.

Kwenye viti, sauti moja ikasema, si kwa ubaya, "Sasa si tungeenda tu kwa yule wa Thika?"

Kicheko kikaisha. Nilimwona tata akianza kukunja joho, taratibu, kona kwa kona. Nilijua anachokiona: shuka likifunuliwa, kidole cha mtu wa Juja kikizungusha gurudumu.

"Ngojeni," mwenyekiti alisema. "Tumekuja mazoezi. Tuimbe nyimbo zetu mbili za kesho, halafu tuamue. Hakuna mtu ataamua akiwa anacheka."

Nyimbo mbili. Nikaenda kwenye kiti cha mwisho kando ya dirisha, nikafungua kompyuta magotini, nikaiunganisha na simu. Wakaanza kuimba. Sina la kusema juu ya imani yao, lakini kuhusu sauti sina mashaka yoyote. Ilitetemesha kiti nilichokalia.

Niliufuta upana. Mahali pake niliandika maswali. Je, kifaa hiki kinaweza kuelea? Kama ndiyo, na kama tu ni ndiyo, joho ligeuke likifikiwa na mshale. Kama sivyo, mbele na mgongo vikae pamoja bila kuombwa, kioo kiwe kipana kama meza. Je, kinachogusa ni kidole? Basi vitufe viwe vikubwa, vyenye nafasi kati yake, vya kidole cha mtu aliyetoka zamu. Je, mwenyewe ameomba utulivu? Basi picha zisiteleze, zisimame, zipangwe chini kwa chini kama nguo kwenye kamba. Na yale maneno manne nikayaondoa kila mahali. Mwenye mshale atagundua mwenyewe.

Yalikuwa mabadiliko madogo. Mistari michache. Nilipomaliza walikuwa katikati ya wimbo wa pili, nikapata nafasi ya kumtazama tata. Alikuwa amesimama kando ya meza, joho limekunjwa nusu mikononi, na hakuwa akisikiliza hata kidogo. Alikuwa anatazama. Macho yake yalitoka bega hadi bega, kiuno hadi kiuno, vile alivyomtazama mwalimu akiandika hewani.

Wimbo ukaisha. Kabla mtu hajaketi, tata akasema, "Wewe mama, wa pili kutoka mwisho. Ukiinua mkono wa kushoto unaishia hapa. Kwa nini?"

Yule mama akashangaa. "Niliumia kiwandani. Bega."

"Joho lako litafungukia mbele. Na wewe hapo, mwenye kilemba cha kijani, unanyonyesha?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele pia. Na wewe wa kando yake, unajipepea kuliko wote, wewe hutawekewa kitambaa cha ndani. Na nyinyi wa mstari wa mbele mnayumba sana, upande mmoja, mwingine. Huyo mtu wa Thika aliwapima mkiwa mmesimama wima, sivyo?"

Wakatazamana. "Alipima kiuno na urefu," mmoja akasema.

"Basi pindo lake litawakata hatua. Hamjui bado. Mtajua mkiwa mbele ya watu."

Nikampelekea mwenyekiti tableti yake. Picha zilikuwa zimesimama tuli, mbele na mgongo bega kwa bega. Aliitazama kwanza kwa jicho moja, kwa hofu. Kisha kwa yote mawili. Akapandisha kidole, akashusha, akarudi kwenye ile ya zambarau.

"Haiya, hii ina zipu mgongoni!" alisema. Alikuwa ameishi Ruiru muda mrefu kiasi cha kushangaa kwa Kikuyu. "Mama fundi, mimi mkono haufiki huko. Nani atanifunga?"

"Hilo ndilo nilitaka kukuuliza simuni," tata akasema, "lakini ulikuwa na haraka ya mshale."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Tableti ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akigusa, hakuna aliyeuliza ni wapi pa kugusa. Baada ya dakika chache walikuwa wamekubaliana: zambarau, ifungukie mbele, zipu ifichwe chini ya pindo, kwa kwaya nzima. Mwenyekiti akainua mkono wakanyamaza, akasema kazi ni ya mama fundi wa Gitothua, na mwenye neno aseme. Hakuna aliyesema.

Tabia yangu haikuniacha. Wakati wanakunja viti nilimfuata mwenyekiti nikamuuliza ni nini hasa kilichowafanya waamue. Ni ukurasa uliorekebishwa, au ni tata alivyowahoji?

Aliangua kicheko. "Wewe msichana, unataka kujua kila kitu! Ni mshale."

"Mshale?"

"Nimesimama hapo nimeutazama wimbo mzima. Ile mishono! Nikajiambia, fundi anayeweza kushona upuzi vizuri hivi, kitu cha maana atakishonaje?"

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi na sijapata kasoro yake. Si kwamba sijatafuta.

Tukiwa njiani kurudi, tulipita stendi. Hapo tata akaniuliza kama ni kweli niliyasoma hayo maswali chuoni. Nikasema ni kweli. Akauliza kama mwalimu aliyetufundisha alikuwa mzuri. Nikasema alikuwa mzuri. "Basi kosa si la chuo," akasema, na hilo likawa karipio lote nililopata. Akaongeza kwamba na yeye pia alikosea: aliuliza mshale uko wapi, mkubwa au mdogo, wa rangi gani, na hakuuliza kwa nini. "Hilo lako," akasema, "siku nyingine niazime."

Jumatatu nilikuwa Gitothua mapema, kwa sababu sikutaka kusimuliwa. Mwanamume wa Juja alikuja kama alivyoahidi, na gari, na kamba. Alimkuta tata ameketi kwenye cherehani kubwa, kitambaa cha zambarau kimejaa meza na kumwagika hadi sakafuni. Mlio wa cherehani ulikuwa mzito na sawasawa, ule niliokuwa nikiusikia Thika nikiwa mdogo nikilala juu ya mizigo.

"Mama, nimekuja," akasema.

"Karibu chai," tata akasema bila kuinua mguu kwenye kanyagio.

"Na mashine?"

"Si unaisikia?"

Mtu wa watu alikuwa mstaarabu. Alikunywa chai, akasifu mkate, akatazama mshono ukipita chini ya sindano kama anayeaga rafiki. Alipoondoka aliacha kamba moja kwa kusahau, na mpaka leo kuku wa tata huwa hawafungwi kwa kamba nyingine.

Joho la mfano tata alilifumua jioni hiyo ili kitambaa chake kisipotee. Mshale ukabaki peke yake mezani, mrefu, umetulia, haumwelekezi mtu popote. Nilidhani atautupa kwenye kapu la mabaki. Badala yake alisema nilete ule mkoba wangu wa kompyuta.

Niliuweka mbele yake. Alipima mshale juu ya turubai ya mkoba, akausogeza huku, akausogeza kule, akachomoa uzi wa dhahabu. Nikangoja mlio. Haukuja. Alikuwa ameinua kichwa na kunitazama, futi shingoni, mguu juu ya kanyagio lakini haukanyagi.

"Huu mkoba," akasema, "huwa unaubeba begani ama mgongoni?"

Nilimwambia begani, bega la kulia.

"Na ukiketi, unauweka wapi?"

"Magotini."

"Sawa," akasema, akaugeuza mkoba upande mwingine, na cherehani ikaanza.